Kubandua Kuba la Ndege ya Modeli

Waunda modeli za ndege huita kanopi kile kifuniko angavu kilicho juu ya kichwa cha rubani. Kwa Kiswahili wengi husema "kioo cha rubani", nami naona jina hilo linapotosha. Chukua Spitfire ya mwaka 1940. Mbele ya rubani palikuwa na kioo kweli, kinene cha kuzuia risasi. Kifuniko cha kuteleza kilichokuwa juu yake kilikuwa cha Perspex, plastiki iliyotoka Uingereza miaka ya 1930. Katika modeli vyote viwili ni polistireni angavu, na mara nyingi huja vimeungana kipande kimoja. Napendekeza "kuba la rubani": ni fupi, linaonyesha umbo, na fundi hatashawishika kulisugua kama dirisha.

Kitenzi hakina ubishi. Kilichobandikwa hubanduliwa, kung'oa ni kutumia nguvu, na nguvu hupasua kuba. Lakini kabla ya kubandua, jua ni gundi gani iliyotumika.

Gundi nyeupe, ndugu ya ile ya maseremala, ndiyo nyepesi kuliko zote. Pitisha brashi yenye maji ya uvuguvugu kwenye kiungo, subiri, rudia. Gundi ikilainika na kurudia weupe, inua ukingo kwa kijiti cha meno.

Supagluu ni kali, ila haipendi baridi. Iweke modeli kwenye friza kwa saa chache gundi iwe kavu na ya kukatika. Ikitoka, usingoje ipate joto: ingiza ncha ya kisu chembamba kwenye pembe ya nyuma, kisha kizungushe kidogo sana. Ukisikia "ta!", sogea sentimita moja mbele uendelee. Kuna watakaokushauri asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Ni kweli huyeyusha supagluu, lakini huyeyusha polistireni pia, na kuba litabaki na ukungu usiotoka.

Taabu iko kwenye gundi ya plastiki. Hii hainati tu. Huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo hapa neno kubandua halifai tena, bali kukata. Bandika selotepu juu ya kuba ili lisichubuke, kisha kwaruza kwenye mstari wa kiungo kwa mgongo wa kisu, taratibu, mara nyingi, mpaka plastiki iwe nyembamba na kuachia. Kisu kikiteleza, heri kiumize bodi, maana bodi huzibwa kwa puti na kupakwa rangi upya.

Mkwaruzo mdogo kwenye kuba husuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini hadi kuba ling'ae. Ufa hauna dawa. Likipasuka, tafuta kuba la akiba. Kwa ndege mashuhuri kama Spitfire na Mustang huuzwa peke yake.