Spicer-Simson, afisa aliyepitisha boti za vita milimani

Mwaka 1915 Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ili kuwanyang'anya, London ilimteua Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyezaliwa Tasmania mwaka 1876, mwingi wa majigambo na mchache wa bahati. Mwaka mmoja nyuma, manowari Niger ya kikosi chake ilizamishwa karibu na Deal, mwenyewe akiwa nchi kavu.

Alipewa boti mbili za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina yenye maana ileile katika Kifaransa cha kitoto. Mswahili akisikia "Mimi" huelewa jingine, na kwa afisa huyu jina lilifaa kweli.

Boti zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha. Kuanzia Agosti zilikokotwa na mitambo ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, huku mamia ya Waafrika wakikata miti, wakijenga madaraja na kubeba maji ya mitambo. Jasho lao ndilo lililozifikisha ziwani, ingawa sifa zilimwendea mwingine.

Desemba 26, 1915, baada ya mapigano ya dakika chache, meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa na kupewa jina la Fifi. Februari 9, 1916, meli nyingine yao, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Spicer-Simson, aliyetamba kambini akiwa na sketi na michoro ya chale mwilini, akawa shujaa.

Lakini ilipotokea Graf von Götzen, meli ya Wajerumani kubwa kuliko zote ziwani, hakuifuata. Baadaye, huko Bismarckburg, leo Kasanga, aliogopa mizinga ya ngome. Wajerumani wakatoroka kwa mashua. Mizinga ile ikaja kuonekana kuwa ya mbao. Alirudishwa kwao mgonjwa, akatunukiwa nishani, ila hakukabidhiwa tena chombo. Alifariki Canada mwaka 1947.

Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi zisishike kutu. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kutoka Kigoma. Jina lake jipya ni Liemba: meli aliyoikwepa afisa huyo ndiyo watu wa ziwa wanayoikumbuka.