Njaa Katika Bonde la Mpunga: Historia Inayopaswa Kufundishwa

Swali la njaa katika nchi yetu limezoeleka kujibiwa kwa maneno mawili: ukame na uvivu. Majibu yote mawili yanamfaa yule asiyetaka swali liendelee kuulizwa. Sisi tunasema kwamba njaa ina historia, na kwamba mwanafunzi wa Namawala ana nafasi nzuri ya kuielewa historia hiyo kuliko mwanafunzi wa nchi kavu. Huyu wa nchi kavu aweza kuonyeshwa mbingu isiyo na wingu akaridhika. Wa Namawala hawezi. Kijiji chake kiko magharibi mwa Ifakara, kando ya mbuga ambayo mto Kilombero huifunika kwa maji wakati wa masika na kuiachia rutuba. Mchele wa bonde hilo unajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Hata hivyo, kati ya Januari na Aprili, zipo kaya zilizoulima mpunga huo zinazopika mara moja kwa siku. Ardhi ipo, maji yapo, jasho limemwagika. Chakula kimekwenda wapi?

Hatusemi kwamba mafuriko, ndege na nguruwe hawana sehemu yao. Wanayo, na wazee wa bonde walijua kukabiliana nayo: Wandamba waliunganisha uvuvi na mpunga, na majirani zao Wapogoro, Wambunga na Wabena walikuwa na mazao yao mengine. Mpunga uliliwa, na uliuzwa kwa misafara. Ukoloni ulibadili jambo moja kubwa, yaani nani mwenye amri juu ya chakula kilichokwisha vunwa.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipolipuka, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Mtema Kiwanga wa Wabena wa bondeni alikuwa upande wa Wajerumani. Mwalimu asilifiche hilo, maana historia ya wanyonge haiwi safi kwa kufutwa madoa. Lakini bunduki hazikutosha kumaliza vita. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana Götzen kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya wenyeji wasalimu amri. Ndivyo ilivyotendeka. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa, na chakula kilichosalia kikachukuliwa na askari. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Kwa hiyo njaa ile ilikuwa silaha iliyoamuliwa na watu wenye majina na vyeo. Miaka 10 baadaye majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliifanya Mahenge ngome yao, wakulima wakanyang'anywa nafaka na vijana wakafanywa wapagazi, mpaka Wabelgiji walipoiteka Mahenge Oktoba 1917.

Utawala wa Waingereza tunaupita upesi: kodi iliendelea, na pamba ikaongezwa juu ya mpunga. Tukumbuke tu kwamba chini ya bendera hiyo hiyo, mwaka 1943, watu wapatao milioni 3 walikufa Bengal, nchi nyingine ya mpunga, huku mchele ukiwapo kwa wenye fedha.

Baada ya uhuru tunafika penye kuhitaji ujasiri zaidi, kwa sababu hapo hatuwezi kumlaumu Kaizari. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba wananchi wote wawe wanaishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Ukame nao ulikuja, na mwaka 1974 Taifa lilitumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka. Wako wanaosema kosa lote ni la Operesheni, wako wanaosema ni la mvua. Kwetu sisi, somo la Kilombero ni la umbali. Watu walijengewa vijiji penye barabara na reli, jambo lililoleta shule na zahanati, lakini mashamba ya mpunga yalibaki mbugani. Mpaka leo familia nyingi huhamia kwenye madungu ya shambani tangu kupanda hadi kuvuna, ili kuulinda mpunga. Mtoto wa shule huachwa kijijini na bibi au na dada yake, ajipikie kilichopo. Huyo ndiye anayesinzia darasani mwezi Machi, na ndiye anayeitwa mvivu.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi, redio na kitabu mbele yao, wajadili lishe na kilimo. Ilikuwa kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Lakini kumfundisha mtu ale nini hakutoshi pale ambapo chakula chake kimekwisha uzwa. Kaya ikihitaji fedha za dawa au za kulimisha, hukopa kwa mfanyabiashara na kulipa kwa mpunga ambao bado uko shambani. Wakati wa mavuno gunia hujazwa lumbesa. Miezi michache baadaye kaya ile ile hununua unga kwa kilo, kwa bei iliyopanda. Huu ni unyonyaji, na hauhitaji bendera ya kigeni.

Basi tufundisheje? Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji, na mengi tunayoyajua yalipatikana hivyo. Kazi ya namna hiyo inawezekana katika shule ya msingi. Kila mwanafunzi achore miezi 12 ya kaya: lini wazazi huenda mbugani, lini huvuna, lini huuza na kwa nani, lini kihenge huwa kitupu. Kalenda hizo zisiandikwe majina ya watoto, maana njaa huona aibu, na mwalimu anayemsimamisha mtoto mwenye njaa mbele ya wenzake hatapata ukweli tena. Shamba la shule, ambalo Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ililitaka liwe darasa, litoe mfano: watoto waamue wenyewe kiasi gani kiuzwe na kiasi gani kibaki kwa chakula cha mchana cha Machi, na waandike sababu zao.

Kisha kalenda zipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, ghala la kijiji lizungumzwe kwa ushahidi. Wenzetu makada wajiandae kwa jambo moja. Mnunuzi wa mpunga mbichi aweza kuwa kiongozi wa kijiji hicho hicho. Azimio la Arusha lilikuwa na masharti ya uongozi, nayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwalimu ambaye wanafunzi wake watamgundua mnunuzi wa namna hiyo atahitaji tawi la Chama limsimamie, na si limwite ofisini kujieleza.