‘Safura’: Neno lililoitangulia maabara

LUGHA huhifadhi maarifa ambayo wenyewe huenda tumekwisha kuyasahau. Historia ya utafiti kuhusu upungufu wa damu katika Afrika Mashariki inathibitisha kauli hii.

Hebu tuanze na mazoea yetu. Katika kliniki za wajawazito, iwe Bungoma au Kitale, utasikia “sina damu” au “nimeambiwa niongeze damu”. Kisha mama hupewa “vidonge vya damu”. Namfahamu mama mmoja wa viungani mwa Kitale aliyeviacha, eti damu ingezidi na kumletea presha. Simlaumu. Ukiambiwa unaongezewa damu, ni haki yako kuuliza itajaa hadi wapi. Kumbe vidonge hivyo ni madini ya chuma na asidi ya foliki! Chuma ndicho mwili hutumia kutengeneza himoglobini, inayosafirisha hewa ya oksijeni. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha mishipani, ila ikawa hafifu.

Kiswahili kilikuwa na neno jingine: safura. Asili yake ni Kiarabu, linakohusiana na nyongo na umanjano. Kwa Waswahili, safura ni maradhi ya minyoo yanayomfanya mgonjwa avimbe, apauke na kuishiwa na nguvu.

Sayansi ilichukua muda kufika hapo. Katika miaka ya 1950, Henry Foy na Athena Kondi walikuwa wakichunguza upungufu wa damu katika maabara ya Wellcome, Nairobi. Mwaka 1960 walichapisha makala kuhusu nafasi ya minyoo ya safura katika ukosefu wa chuma. Minyoo hiyo hung’ata utumbo na kunyonya damu, na chuma hupotea pamoja nayo.

Kuna pia suala la udongo. Masoko ya Bungoma na Kitale huuza odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huyatamani. Mwaka 1998, Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wajawazito 275 wa Kilifi. Asilimia 56 walikiri kula udongo mara kwa mara, na ulaji huo ulihusiana na ukosefu wa chuma. Mwaka uliofuata walichapisha maelezo ya akina mama wenyewe. Hao walitaja udongo, ujauzito, upungufu wa damu, minyoo na safura kama mambo yanayofungamana. Hawakusema hiki ndicho chanzo na kile ndicho tokeo. Walieleza waliyoyaona katika miili yao.

Wanasayansi walilipia ghali somo la kwamba mambo haya hayatenganishwi. Kisiwani Pemba, palipokuwa na malaria nyingi, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo ya Sunil Sazawal na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa katika hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kuugua vibaya au kufariki. Hata hivyo, watoto waliokuwa na ukosefu wa chuma kwa hakika walinufaika. Dawa ni ile ile, mwili ndio tofauti.

Je, wajawazito wetu waogope? La hasha! Utafiti uliofanyiwa wajawazito 470 magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 haukupata ongezeko la malaria kwa waliomeza chuma kila siku. Watoto wao walizaliwa na uzani uliozidi kwa takriban gramu 150. Kwa hivyo mama wa Kitale alihitaji vidonge vyake. Alichokosa ni maelezo.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Katika suala hili, ninadai kwamba aulizwe, na ajibiwe kwa lugha aielewayo. Wataalamu wa Kiswahili na wahudumu wa afya waketi pamoja, waviite vidonge hivyo “vidonge vya chuma”, na wapambanue upungufu wa damu unaotokana na lishe, minyoo au malaria. Tukiendelea kusema “damu” tu, tutakuwa tumejua machache kuliko waliotuachia neno safura.