Kituo cha 15

Ukisikia Komarock, pengine unawaza mtaa ule wa Eastlands, Nairobi. Lakini kuna Komarock nyingine, kilima upande wa Machakos, si mbali na barabara ya Kangundo. Huko Wakatoliki hupanda kuhiji, wakisali Njia ya Msalaba: kituo kimoja, magoti chini, wimbo, halafu mguu tena mbele.

Mimi nilijifunza sala hii kwa susu, Ijumaa za Kwaresima, jua likiwa bado kali. Siku moja nilimuuliza: mbona tunaishia kaburini? Yesu si alifufuka? Akanijibu, "Jumapili haijafika. Mbona una haraka?"

Nilidhani ananinyamazisha tu. Kumbe swali langu lilikuwa la zamani.

Sala hii ilikua kwa sababu ya umbali. Wakristo wa Ulaya walitamani kutembea Yerusalemu mahali alipopita Yesu, lakini safari ilikuwa ghali na ya hatari. Wafransisko, waliokabidhiwa rasmi ulinzi wa mahali patakatifu huko mwaka 1342, walisaidia kuieneza nyumbani: kama huwezi kwenda Yerusalemu, basi zunguka kanisa lako. Idadi ya vituo ilitofautiana huku na kule, hadi Papa Klementi wa Kumi na Mbili alipoiweka kuwa 14 mwaka 1731. Cha mwisho ni kaburi.

Na sasa sikia hili. Vituo vitano kati ya hivyo havimo kwenye Injili: Yesu kuanguka mara tatu, kukutana na mama yake njiani, na Veronika kumpangusa uso. Viliingizwa na mapokeo ya watu. Lakini keti kanisani Ijumaa Kuu uone akina mama wanalia kituo gani. Ni cha nne, mama na mwanawe.

Kwetu sala hii ilikuja na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, Bagamoyo 1868, Nairobi 1899, kisha wakaingia Ukambani. Pale Kabaa walianzisha shule mwaka 1925, ile ambayo baadaye ilizaa Mang'u. Mwaka 1969 Machakos ikawa jimbo, na askofu wake wa kwanza akawa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mtoto wa Ukambani.

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ilikuwa kwa Kilatini. Mtu angepiga magoti saa nzima akisikiliza lugha asiyoijua. Njia ya Msalaba haikuwa hivyo. Ni ibada ya watu, inaruhusiwa kwa lugha ya nyumbani, na hata padre asipokuwepo katekista anaongoza. Kwa walioishi mbali na misheni, hilo halikuwa jambo dogo. Mateso ya Kristo waliyapokea kwa maneno yao wenyewe.

Na ufufuko je? Siku hizi parokia nyingi huongeza kituo cha 15. Kuna pia Njia ya Mwanga, sala ya kipindi cha Pasaka yenye vituo vyake 14, kuanzia kaburi tupu hadi Pentekoste. Mwaka 2001 Vatikano iliisifu kwenye mwongozo wake wa ibada za watu. Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyeona pengo.

Lakini jibu la susu nalo lina uzito. Aliwahi kuzika watoto. Alijua kuna siku ambayo mtu akikuambia haraka haraka "atafufuka", hakufariji, anakufukuza kwenye kilio chako.

Tulimzika wiki chache kabla ya Pasaka. Jioni ile wanajumuiya wake walikuja wakasali vituo vyote 14, kwa Kikamba, wakaishia kaburini. Kimya. Kisha mama mmoja akauliza nani atachota maji ya kesho, na watatu wakajibu kwa pamoja.

Sikuuliza kilipo cha 15.