Mwana wa Mtemi katika Jamii Isiyokuwa na Watemi: Urithi wa Kisiasa wa Mara

Wasifu wa Mwalimu Julius Nyerere kwa kawaida huanza hivi: alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Maelezo hayo ni ya kweli, ila humfanya msomaji adhani kwamba Uzanaki ulikuwa na kiti cha enzi tangu kale. Makala hii inatetea hoja kwamba utemi wa Kizanaki ulikuwa zao la ukoloni, na kwamba urithi mkubwa wa kisiasa wa Mara, mkoa wa Wazanaki na jirani zao, ni desturi ya kugawa mamlaka na kuyawekea mipaka. Taifa lilichukua nusu tu ya desturi hiyo.

Kabla ya Wajerumani, Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja. Wazee waliamua mashauri. Waganga wa mvua waliheshimiwa na kuogopwa, lakini hawakuwa na askari wala kodi. Kwa jirani zao Wakurya, kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina na zamu yake, na kizazi kinapozeeka hukipisha kinachofuata. Ikizu, katika Bunda ya leo, utemi ulikuwapo, lakini ulitegemea mvua. Simulizi za huko zinasema kwamba Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, alimkuta Isamongo, mwenye moto. Wakashindana, mvua ikauzima moto, na utemi ukawa wa Nyakinywa. Simulizi hiyo inaweka masharti kwa mtawala: anatiiwa kwa sababu ya kile anachowapa watu, na mvua ikikataa, uhalali wake unatiliwa shaka.

Mkoloni alitaka kitu kingine. Alihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na kutoa vibarua. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1926 kuhusu mamlaka za wenyeji, waliimarisha mpango huo: mtemi akawa na karani, baraza la kesi na mshahara, na aliwajibika kwa bwana shauri kuliko kwa watu wake. Nafasi hiyo ya baba yake ilimfungulia kijana Nyerere mlango wa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Hata hivyo, serikali aliyoiongoza ndiyo iliyofuta utemi mwaka 1963.

Mwaka huohuo, akiandika juu ya demokrasia na vyama, Nyerere alieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni wazee kuzungumza mpaka wakubaliane. Hoja hiyo ilisaidia kuhalalisha mfumo wa chama kimoja uliowekwa kisheria mwaka 1965. Nusu iliyoachwa ilikuwa ile ya mipaka. Mzee wa Kizanaki hakuwa na polisi wa kumlazimisha aliyekataa. Mwenye kinyongo aliweza kuhamisha mji wake. Mipaka hiyo ikiondolewa, makubaliano hugeuka amri. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Novemba 1973, kuishi vijijini kulipotangazwa kuwa lazima. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilipofika Mara mwaka 1974, wapo waliohamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuvunjwa.

Itajibiwa kwamba baraza la wazee lenyewe liliwaweka pembeni wanawake na vijana. Pingamizi hilo ni zito, na simulizi ya Nyakinywa haitoshi kulifuta. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilipanua uwanja kwa kumfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Lakini wingi wa wajumbe haurudishi peke yake uwezo wa kukataa.

Hoja hii inawahusu hasa wanaosomea maendeleo ya jamii. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, hapo Musoma, huandaa maofisa wanaokwenda kufanya kazi na vijiji. Huko watakutana na muhtasari uliogongwa muhuri, wenye maneno yaleyale: wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kuchangia darasa au kutoa ardhi. Historia ya Mara inawapa vipimo vya kuyasoma maneno hayo. Waulize nani alipinga, alisikilizwa vipi, na baada ya kupinga alipatwa na nini. Pale ambapo hakuna aliyeweza kupinga bila kuadhibiwa, kauli moja si ushahidi wa umoja, na kuuita uamuzi huo demokrasia ya jadi ni kuwasingizia wazee.