Sahihi ya Wadini: Kutoka Logibuku Hadi Simu ya Mkononi

Tuseme mwanafunzi wa uuguzi amepangiwa mazoezi Nyamarambe, Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, mbali na chuo chake. Usiku wa manane amemzalisha mama huku muuguzi wa zamu akimsimamia. Mtoto amelia, kondo la nyuma limetoka lote, mama yuko salama. Kukicha muuguzi anakwenda zake kulala, na ushahidi pekee kwamba kazi ile ilifanywa vyema ni mstari mmoja katika logibuku, daftari lake la mazoezi, unaongoja sahihi.

Mstari huo una historia ndefu. Hospitali kuu ya Kisii ilianzishwa mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kuwatibu askari wa Uingereza waliojeruhiwa. Miaka 11 baadaye, 1927, yalianza Nairobi mafunzo yaliyozaa Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC. Wanafunzi walikuwa wachache, na sista wa wadi aliweza kumjua kila mmoja kwa jina na kwa mikono yake: huyu anafunga kidonda vizuri, yule bado. Leo hospitali ya Kisii ni ya mafunzo na rufaa, KMTC ina tawi mjini Kisii, na Tabaka, kunakochongwa mawe, hospitali ya misheni ina chuo chake cha uuguzi. Wanafunzi wamekuwa wengi kupita kumbukumbu ya sista yeyote. Ndipo logibuku ikashika nafasi yake.

Logibuku ni chombo cha heshima, lakini ina ugonjwa unaojulikana na kila aliyepita chuoni. Muuguzi ana wagonjwa thelathini, hana nafasi ya kuandika. Mwanafunzi anangoja hadi wiki ya mwisho, kisha anatafuta mtu wa kumtilia sahihi kurasa nzima kwa mkupuo mmoja. Sahihi hiyo haisemi kitu. Haimwambii mwanafunzi kwamba alichelewa kumpa mama dawa ya oksitosini, wala haimwonyeshi mkufunzi ni nani anayehitaji kurudia.

Tatizo hili si la Kisii peke yake. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alichora piramidi yake maarufu: chini kabisa ni kujua, juu yake kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha, na kileleni ni kufanya kwenyewe, kazini, kwa mgonjwa halisi. Mitihani mingi ya vyuo huishia chini ya kilele. Mwaka 1995 John Norcini na wenzake walitangaza njia ya kukifikia: daktari amtazame mwanagenzi akimhudumia mgonjwa kwa dakika chache, ampe alama, na amweleze papo hapo alichofanya vyema na alichokosea. Kwa maoni yangu, uvumbuzi mkubwa ulikuwa hilo neno la papo hapo. Simu ilikuja baadaye kulitumikia.

Waliolitia simuni mapema ni vyuo vikuu vitano vya eneo la Yorkshire, Uingereza, katika mradi wa ALPS ulioanza 2005. Wanafunzi wa fani 16 za afya na ustawi wa jamii walipewa vifaa vya mkononi, wakajaza tathmini wakiwa kazini, na majibu yakaenda kwenye jalada la kielektroniki ambalo mkufunzi aliweza kulisoma akiwa chuoni.

Mwaka huohuo wa 2005, Kenya ilikuwa na jambo lake kubwa. Shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti ili wapande hadi diploma bila kuziacha wadi zao. Wauguzi hao walikuwa zaidi ya 20,000, na madarasa ya kawaida yasingewatosha hata kwa miaka mingi. Baadaye, katika mwongo wa 2010, watafiti wa Uingereza pamoja na Amref walijaribu simu Kibera na Makueni: mhudumu wa afya wa jamii alipima ukuaji wa mtoto akiongozwa na maswali ya simuni, na msimamizi wake akaweza kuifuata kazi hiyo. Wahudumu hao hawakuwa wanafunzi wa chuo, lakini hapo ndipo wazo lenyewe lilipokaribia sana vijiji kama vya Nyamarambe.

Jalada la simuni huandika saa na tarehe, kwa hiyo sahihi za mkupuo hujulikana mara moja. Linaweza kuhifadhi fomu mtandao ukiwa umekatika na kuituma ukirudi. Lakini halimpi muuguzi wa zamu dakika tano za kukaa na mwanafunzi. Hizo ni za hospitali kutenga, na ni juu ya kaunti kuajiri watu wa kutosha. Picha ya kidonda nayo haina ruhusa ya kukaa katika simu ya mwanafunzi kiholela, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuna jambo moja la ALPS ambalo ningependa liigwe kabla ya mengine yote: mgonjwa naye aliulizwa. Mama aliyejifungua anajua kama alielezwa kilichokuwa kinatendeka, kama alifunikwa, kama alikaripiwa. Akina mama wengi wa Nyamarambe watalieleza hilo vizuri zaidi kwa Ekegusii kuliko kwa lugha nyingine yoyote, na fomu ya kwanza kutiwa katika simu ya mwanafunzi wa huku ingefaa iwe hiyo, yenye sauti, kwa asiyesoma.