Uhalifu wa chuki

Uhalifu wa chuki ni kosa la jinai ambalo mtendaji humchagua mwathirika kwa sababu ya kabila, rangi, dini, ulemavu au sifa nyingine ya kundi lake. Una sehemu mbili: kosa lenyewe, kama kupiga au kuua, na ubaguzi uliolisababisha. Marekani na Uingereza huongeza adhabu ubaguzi huo ukithibitishwa.

Tanzania haina sheria ya pekee ya uhalifu huo. Watuhumiwa hushtakiwa kwa makosa ya kawaida: Bara kwa Kanuni ya Adhabu, Zanzibar, hadi visiwa vidogo vya Pemba kama Fundo, kwa Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu waliomuua mvulana mwenye ualbino. Kosa lilikuwa mauaji ya kukusudia. Kwamba alilengwa kwa ajili ya ualbino wake halikuwa kosa la pekee.

Nchini Kenya, sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.